Laki Saba za Mnunuzi Kumi na Nane

Karatasi ya ofisi ya soko haikuwa na maneno mengi. Vibanda vya saruji vimekamilika. Vya mbele, vinavyotazama lango, laki tisa; vya nyuma, laki sita. Mwisho wa kulipa Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana, na asiyelipa aondoe mali yake. Mama Robota aliisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Mawe yalikuwa pale pale.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiuza mitumba chini ya turubai pale langoni, akifungua robota asubuhi na kufunga vilivyobaki jioni. Vibanda vya nyuma vilipakana na vyoo, na mtu anayewahi chooni hana macho ya kutazama blauzi. Akiba nayo ilikuwa imelala kwenye robota la mwisho, ambalo lilipokatwa kamba lilitoa makoti mazito ya baridi, juu mpaka chini, na jua la msimu ule lilikuwa la kupasua kichwa. Hata kulia hakulia. Alikunja makoti.

Mumewe ndiye aliyesema neno. Watu walimwita Kaunta kwa sababu alisimama nyuma ya kaunta ya hoteli miaka thelathini na mmoja akiwamiminia wengine, na yeye mwenyewe hajui ladha ya kitu. Aliisoma karatasi mara moja tu, akaliendea kabati la kioo, akasimama mbele yake kama mzazi aliyeambiwa achague mtoto wa kuacha shule.

Kabatini mlikuwa na chupa kumi na mbili za wiski, na hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa. Majirani walimwita mlevi wa macho. Hakujali. Alikuwa tayari kumweleza yeyote mwenye subira kwamba hii si wiski ya dukani. Ni ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, imekaa kwenye pipa miaka mingi, kisha ikajazwa kwenye chupa chache za kuhesabu na haitajazwa tena. Kila chupa ina namba yake, imeandikwa kwa mkono. Wenye ugonjwa huo hukutana mnadani, kwenye simu, wakauziana bila kuonana sura. Aliyoitoa Kaunta ilikuwa namba mia mbili na kumi na mbili kati ya mia tano. Aliibeba kwa mikono miwili, mmoja shingoni, mmoja kitakoni.

"Hii itafika laki kumi," alisema. "Wenye mnada watakata fungu lao la kumi, sisi tunabaki na tisa kamili."

Mama Robota alijua ndiyo chupa aliyoipenda kuliko zote, na alijua pia kuwa akilisema hilo, mumewe atairudisha kabatini. Alikwenda kumtafutia kitambaa laini cha kuifutia kabla ya kupiga picha.

Mnada ulipangwa kufungwa Jumapili saa tisa alasiri.

Sasa, sokoni kuna kazi moja ambayo haina jina ofisini. Mteja ameshika gauni, halichukui wala haliachi. Mara anatokea mwanamke mwingine, analitazama gauni lile kwa uchu, anauliza taratibu, "Dada, unalichukua, au nilichukue mimi?" Hapo hapo mkono wa yule wa kwanza unakaza. Yule wa pili ni mtu wa muuzaji. Wanaita kuamsha soko. Kwa Mama Robota aliyeifanya kazi hiyo alikuwa binti yake, mpaka alipoolewa na kufungua saluni ya kusuka, na hapajatokea tena wa kumfikia. Alikuwa akiweza hata kununa. Hakuna aliyeiona kuwa ni uongo. Gauni ni lile lile, na mteja alifika kwake amefurahi.

Kwa hiyo Jumamosi Mama Robota alikwenda kwa mwenye duka la kopi, akatoa kitambulisho, akasajiliwa mnadani. Mwenye duka alimuuliza kwa mzaha kama ameanza kunywa uzeeni. Alimjibu kwamba kwa bei aliyomtoza kwa kopi moja, mtu yeyote angeanza. Wenye mnada walimpa namba sitini na sita. Mnadani hakuna majina, namba tu. Mumewe hakumwambia, kwa kuwa alimfahamu: huyu ni mtu ambaye mgeni wa hoteli akisahau chenji, alimkimbilia mpaka kwenye lifti.

*

Saa nane na nusu Kaunta alikaa sebuleni, miwani puani, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Mama Robota alikaa jikoni na sinia la maharage mapajani, simu yake imefichwa chini ya kanga. Kati yao palikuwa na pazia.

Kaunta alikuwa akitangaza kama mtangazaji wa mpira. Laki tano. Tano na nusu. Sita, kuna Mnunuzi Kumi na Nane, huyu ana pesa huyu. Kisha, robo saa kabla ya kufunga, Kumi na Nane akaweka saba, na pakawa kimya.

Kimya kile Mama Robota alikijua. Ni kile cha mteja aliyeshika gauni. Laki saba, ukitoa fungu la kumi, ni laki sita na elfu thelathini, yaani vyoo. Alimsikia mumewe akikohoa kikohozi kisicho na kifua. Dakika zikapungua, kumi na mbili, kumi na moja. Alifuta vidole kwenye kanga, akabofya: laki saba na nusu.

"Ehee," Kaunta alisema sebuleni. "Kaingia mpya. Sitini na Sita."

"Nani huyo?" Mama Robota aliuliza, sauti ameibana.

"Nitajuaje? Mtu mwenye macho."

Utaratibu wa mnada ule ulikuwa hivi: dau likiwekwa ndani ya dakika kumi za mwisho, dakika kumi zinaanza upya, mpaka watu wachoke wenyewe. Zilikuwa zimebaki nne alipotokea mwingine kabisa, Mnunuzi Arobaini na Moja, akaweka nane. Soko limeamka. Aliweka nane na nusu bila hata kupepesa, na kabla maharage hayajaacha kutikisika kwenye sinia, Arobaini na Moja akajibu tisa.

Hapo angeweza kuacha. Baadaye alijirudia mara nyingi kwamba pale angeweza kuacha. Lakini tisa ukitoa fungu la kumi ni nane na elfu kumi, na ofisi ya soko haibadilishi bei yake kwa sababu ya elfu tisini. Ilibaki ngazi moja tu. Yeye akisema tisa na nusu, yule atasema kumi. Mtu aliyetoka nane mpaka tisa bila kupumua hawezi kushindwa na kumi. Ni sawa na mteja ambaye mkono wake mmoja tayari uko kwenye pochi.

Alibofya tisa na nusu.

Dakika kumi zikaanza upya. Sebuleni kiti kililia. Dakika ya nane, kimya. Ya saba, kimya. Mama Robota alijiambia kuwa mtu amekwenda kuuliza mkewe. Ya tano, akajiambia kuwa bando limekatika, litarudi. Ya tatu, akajikuta anamsihi mtu asiyemjua, kwa midomo tu, bila sauti: sema kumi, mwanangu, sema kumi. Ya kwanza, aliigeuza simu kifudifudi juu ya maharage kama mtu anayemfunika maiti uso.

Kaunta alifunua pazia. Macho yalikuwa na maji, na hakuyaficha.

"Tisa na nusu," alisema. "Elfu arobaini na tano zilizopungua nitaazima kwa fundi viatu. Imekwisha, mama. Imempata mwenyewe."

Aliuliza mbona maharage yamemwagika. Mkewe alisema mkono umechoka.

*

Binti yao Msusi alifika asubuhi ya Jumatatu kabla ya kufungua saluni, kitambaa cha kichwa upande, amejaa habari. Kaunta alikuwa bafuni. Msusi alimvuta mama yake jikoni akamnong'oneza kwamba leo anadaiwa soda, tena kubwa, kwa sababu kazi ya jana si ya mtoto.

"Kazi gani?" mama aliuliza.

Msusi alieleza haraka haraka. Alikuwa na mteja chini ya mashine ya kukausha, yeye simu mkononi, anaufuatilia mnada wa baba. Akaona Kumi na Nane amelala. Akaona Sitini na Sita ameingia, lakini anasitasita, ana dalili za kuishia njiani. Akajisemea, huyu mtu ni wa kuamshwa. Aliweka nane kwa namba yake, Arobaini na Moja, yule akaja. Aliweka tisa, yule akaja tena na tisa na nusu. Si anajua baba anatafuta laki tisa? Zimepita, basi akamwachia, akamshukuru Mungu, akaendelea na nywele.

"Uliyenifundisha ni wewe," alisema, akicheka. "Jitu lile, Sitini na Sita, sijui lina pesa za wapi. Lilikuwa linakuja tu kama ng'ombe."

Mama Robota aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Ng'ombe mwenyewe huyu hapa," alisema.

Msusi hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na kicheko kikaendelea kidogo ndani ya viganja kwa sababu kilikuwa bado hakijapata habari. Kisha naye akatafuta pa kukaa, hapakuwepo, akaegemea ukuta. Wafanyabiashara wawili waliamshana usingizi katika duka tupu, na mteja wa kweli alikwishaondoka zamani.

Walianza kutafuta mlango wa kutokea. Msusi alipendekeza Sitini na Sita atoweke tu, asipokee simu, wenye mnada watasema mnunuzi kakimbia, chupa itarudishwa mnadani mwezi ujao. Mama alimkumbusha kuwa Ijumaa haiko mwezi ujao. Tena kitambulisho alichotoa kina anwani ya nyumba hii hii, na mumewe anwani yake ni hiyo hiyo. Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa inaanzia jikoni na kuishia sebuleni.

Na sebuleni Kaunta alikuwa amesimama, taulo begani, sabuni bado sikioni. Pazia halizuii kitu.

Alitaka aelezwe tangu mwanzo. Mkewe alimweleza bila kumficha, hata kanga na maharage. Msusi alieleza ya kwake. Kaunta hakupandisha sauti, na wote wawili wangelipa fedha ili apandishe. Alichukua bilauri kwenye kapu la vyombo, akaanza kuikausha, akaikausha mpaka ikalia.

"Wa mwisho ambaye si wa nyumba hii ni nani?" aliuliza.

"Kumi na Nane," mkewe alisema. "Saba."

"Basi bei ni saba."

"Ukiwapigia watakufuta. Baba, watakufuta jina. Acha kwanza tufikiri," Msusi alisema.

"Miaka thelathini na mmoja," Kaunta alisema, "sijatia maji kwenye chupa ya mtu." Akaiweka bilauri chini, akachukua simu.

*

Mkaguzi wa mnada alikuja Jumanne saa nne. Alikuwa msichana wa umri wa Msusi, amevaa viatu vya kufunga, na begi dogo kama la daktari. Aliwaamkia vizuri, shikamoo mzee, shikamoo mama, akakataa maji. Kisha akavaa glavu, akaomba familia isogee mbali na kabati. Wakasogea. Walijipanga ukutani katika sebule yao wenyewe, chini ya kalenda, kama watu wanaosubiri kupekuliwa.

Alimulika chupa kwa tochi. Aliipima kwenye mizani. Alipima kwa rula wiski imefika wapi shingoni, akakwangua kidogo kwa ukucha ukingo wa lakiri, ile nta iliyoziba mdomo. Mama Robota alimwona mumewe akifumba macho ukucha ulipogusa. Alipomaliza na ile, mkaguzi aliomba kuziona na nyingine kumi na moja, akaeleza bila kiburi kwamba bei ikishakuwa ya uongo, inabidi kila kitu kiangaliwe.

"Umewahi kufungua yoyote, mzee? Ukajazia?"

"Hapana."

"Hata kuonja tu?"

"Sijui ladha yake," Kaunta alisema, na mkaguzi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyedanganywa mara nyingi na watu wenye sura nzuri.

Tabasamu lile lilimchoma Mama Robota kuliko neno lolote. Alitoka ukutani. Alisema mwenye kosa ni yeye, aulizwe yeye. Mzee huyu hakujua lolote, alikuwa sebuleni anatangaza bei kama mtoto. Kama kuna wa kufungiwa, afungiwe muuza mitumba.

Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, chupa ni ya nani?" aliuliza. Akarudi ukutani.

Chupa zote zilikuwa safi. Mkaguzi aliandika hivyo. Lakini alisema Kumi na Nane amekwishapigiwa, na ameingiwa na shaka. Anataka kuzungumza na mwenye chupa kabla hajasema ndiyo au hapana. Akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

Ilikuwa sauti ya mzee, ya kukwaruza. Haikusalimu kwa muda mrefu. Alisema, ndugu yangu, nimenunua minadani nikiwa bado na nywele. Watu wawili wa nyumba moja wanapigania chupa yao wenyewe, na mimi niamini kilichomo ndani? Kwa nini nisinunue ile nyingine, ya mwezi ujao, ya mtu asiye na familia?

Msusi alitazama chini. Mama Robota alisubiri mumewe ajitetee, aseme miaka thelathini na mmoja, aseme chenji na lifti. Kaunta alisema tu kwamba ana haki ya kuogopa.

Simu ilikwaruza. "Nikuulize kitu kimoja. Katika nyumba hiyo yote, jana na juzi, nani alikuwa anaitaka kweli hiyo chupa?"

Kaunta alifikiri. Alionekana akifikiri, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Mimi," alisema.

Kimya kilichofuata Mama Robota hakukijua. Hakikuwa cha sokoni. Mkaguzi aliacha kufunga begi lake.

"Haya," ile sauti ikasema. "Saba. Nilisema saba nikiwa na akili zangu, nazo bado ninazo. Mwambieni aifunge vizuri."

Alipokata simu, mkaguzi alisoma yaliyobaki kwenye karatasi, haraka kidogo, macho chini. Fedha zitalipwa Alhamisi, fungu la kumi likiwa limekatwa. Akaunti zote tatu za nyumba hii zinafungwa kuanzia leo. Hazitanunua wala kuuza tena. Mama Robota aliuliza kama ni pamoja na ya mzee. Mkaguzi alisema hasa ya mzee.

Kaunta aliomba aifunge chupa yeye mwenyewe. Aliizungushia kitambaa, kisha karatasi, kisha kitambaa cha pili, akaingiza kwenye boksi, na mkewe alimshikia gundi. Vidole vyao viligongana mara mbili tatu. Walipofika mahali pa kukata, alimpa mkasi bila kuombwa, naye akasema asante, mama, kwa sauti ile ile ya siku zote. Hiyo ndiyo iliyomtoa machozi, na alijisingizia gundi.

*

Ijumaa foleni ya ofisi ya soko ilianza kabla ya saa mbili. Wa mbele walikuwa wakitaja namba za vibanda vya langoni kwa sauti ya kusikika. Muuza sufuria aliyekuwa jirani wa turubai lake kwa miaka yote alimuuliza amechukua namba ngapi. Mama Robota alisema atamwambia akishaipata. Kaunta hakupanga foleni. Alikuwa langoni, amepanda kwenye kreti, anafungua kamba za turubai moja moja, na mafundo mengine alikuwa akiyafungua kwa meno.

Zamu yake ilifika saa tano na nusu. Karani aliinamisha kichwa dirishani, akamtambua. Akamuuliza kama amekosea kuandika fomu, maana ameandika nyuma, kumi na nne, ubavuni mwa vyoo. Alisema hakukosea. Karani alishusha sauti, akasema kwa huruma kwamba vile watu wanavikimbia. Angoje mwezi mmoja miwili, auzie nyumbani, huenda vikashushwa bei.

"Au mama, unakitaka kweli hicho?"

Tangu aanze kununua na kuuza, Mama Robota hakuwahi kumwambia mwenye kitu kwamba anakitaka. Hata dawa alikuwa akiiulizia kwa kuibeza. Ukishasema unakitaka, umempa mwenzako kisu na shingo. Aliangalia noti mkononi mwake, laki sita na elfu thelathini. Elfu thelathini akazirudisha kifuani, za kununulia kamba na misumari.

"Nakitaka," alisema, akazisukuma noti dirishani.